Presha, Masikio na Vijiti vya Kiberiti: Dimensia Inavyoweza Kukabiliwa Eastlands

Mitaa ya Eastlands imezeeka pamoja na watu wake. Kaloleni ulijengwa miaka ya 1940, Nairobi ilipoanza kukubali kwamba mfanyakazi Mwafrika ana mke na watoto wa kuishi nao. Ikafuata mitaa kama Jericho na Maringo, na kufikia miaka ya 1970 zikaanza kuota nyumba za Buru Buru, Umoja na Dandora. Mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba Buru Buru mwaka 1975 akiwa na miaka 30 alitimiza 80 mwaka 2025. Wapo waliostaafu wakarudi ushago. Wapo waliobaki kwa sababu wajukuu wako hapa na hospitali haiko mbali. Na wapo waliochukuliwa kijijini na watoto wao na kuletwa mjini, baada ya majirani kupiga simu mara mbili tatu kusema mama hayuko sawa.

Kwa hiyo Eastlands, ambayo husemwa kama makao ya vijana, matatu na Sheng, ina wazee wengi ndani ya nyumba zake kuliko anavyodhani mpita njia wa Jogoo Road. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Idadi hiyo inapanda, na pamoja nayo unapanda ugonjwa ambao familia nyingi huuita uzee tu.

Dalili za mwanzo ni za nyumbani kabisa. Mzee anauliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa. Simu inapatikana kwenye pipa la unga. Mama aliyekuwa mweka hazina wa chama kwa miaka mingi, akijua kichwani nani hajatoa mchango wa mwezi gani, anaanza kukosea hesabu na kukasirika anaposahihishwa. Nambari ya siri ya M-Pesa inasahaulika, au pesa zile zile zinatumwa mara mbili kwa mtu mmoja. Baadaye anatoka kwenda dukani na anarudishwa na kondakta aliyemkuta mwisho wa laini.

Katika mitaa ya zamani kuna hatari nyingine. Nyumba zimepangwa safu kwa safu, zinafanana mlango kwa mlango, na anayetegemea kumbukumbu kujua mlango wake huingia kwa jirani na kumwuliza anafanya nini nyumbani kwake. Jirani anayemjua humshika mkono. Mpangaji mpya hupiga mayowe. Ndiyo sababu kubomoa mitaa kama Makongeni ili kupisha maghorofa ya nyumba za bei nafuu kunamwumiza mzee wa namna hii kwa njia ambayo haimo kwenye hesabu za fidia: mti wa pembeni, bomba la maji na duka la kona ndivyo vilivyokuwa vikimwonyesha njia.

Dimensia ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo hatua kwa hatua, mpaka kumbukumbu, lugha, uamuzi na hata tabia ya mtu vibadilike kiasi cha kumzuia kuendesha maisha yake. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza. Unaofuata ni ule unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo iliyoziba au kupasuka, na kwa wazee wengi magonjwa haya mawili hukaa pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 57 walikuwa na dimensia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10.

Afrika Mashariki tunayo hesabu yetu wenyewe. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji sita na kuwachunguza watu wapatao 1,200 wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimensia, kiwango kisichopishana sana na cha nchi tajiri. Wazo kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu lilipaswa kuishia hapo.

Habari njema imetoka kwenye upande wa kinga. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet, ikiongozwa na Profesa Gill Livingston wa London, imekuwa ikikusanya ushahidi kwa miaka. Mwaka 2017 ilitaja mambo tisa yanayoongeza hatari ya dimensia na ambayo yanaweza kubadilishwa. Mwaka 2020 yakawa 12, mwaka 2024 yakafika 14. Kwa hesabu ya mwisho, yote yangeshughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingezuilika au kucheleweshwa. Orodha ina elimu ndogo utotoni, kupungua kusikia na kuona, presha, sukari, lehemu mbaya kwenye damu, unene wa kupita kiasi, sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, kuumia kichwa, sonona, upweke na hewa chafu. Ukiisoma ukiwa Kayole au Kariobangi, unaona kwamba karibu yote yana anwani mtaani.

Presha ndiyo inayostahili kusemwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo yenye ushahidi mzito na ndiyo ambayo Eastlands ina chombo cha kupambana nayo tayari.

Damu inaposukumwa kwa nguvu kupita kiasi mwaka baada ya mwaka, mishipa midogo ndani ya ubongo hukakamaa na kuziba. Sehemu ndogo ndogo za ubongo hukosa damu na kufa bila mtu kuhisi chochote. Hakuna kupooza, hakuna kuanguka. Miaka 20 baadaye, mtu huyo anashindwa kufuata hatua za kupika ugali aliopika maisha yake yote. Ndiyo maana kamati ya Lancet ilihimiza namba ya juu ya presha isizidi 130 kuanzia umri wa miaka 40 hivi. Anayengoja kupima mpaka afike 70 amechelewa sana, ingawa bado ana cha kuokoa.

Sasa tazama hali ilivyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya Wakenya wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wote waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa. Katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, ambako Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika, APHRC, kimekuwa kikifuatilia maisha ya wakazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliwapima watu wazima zaidi ya 5,000. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba kati ya wenye presha, ni takriban mmoja tu kati ya watano aliyekuwa akijua anayo. Wanne waliobaki waliendelea kuuza mboga, kubeba mizigo na kulala wakidhani wako salama.

Mwezi Aprili 2025, jarida la Nature Medicine lilitoa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa China. Lilihusu watu 33,995 wa miaka 40 na zaidi wenye presha ya juu, katika vijiji 326. Nusu ya vijiji viliachiwa matibabu ya kawaida. Katika vijiji vingine, waganga wa kijiji, watu wenye mafunzo mafupi ambao si madaktari kamili, walifundishwa kuanzisha na kurekebisha dawa kwa kufuata mwongozo, wakisimamiwa na madaktari. Waliwapa wagonjwa dawa za bure au za bei nafuu, wakawafundisha kujipima nyumbani na kuwafuatilia. Baada ya miaka minne, presha ya kundi hilo ilikuwa imeshuka hadi wastani wa 127 kwa 72 na kitu, huku kundi la kawaida likibaki 147 kwa 81. Visa vya dimensia vilikuwa pungufu kwa asilimia 15.

Asilimia 15 inaweza kuonekana ndogo. Lakini dawa zilizotumika ni vile vidonge vya zamani vinavyouzwa kila duka la dawa, na waliozigawa hawakuwa mabingwa. Hakuna haja ya kungoja ugunduzi mwingine ili Kayole ifanye jambo kama hilo.

Watu wa kulifanya wapo. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Wengi wao ni akina mama wa mtaa huo huo, wanaojua ni mlango upi una mtoto mchanga na ni upi una mzee asiyetoka nje. Mhudumu anapiga hodi, anaketi kwenye kiti cha plastiki, anafunga kitambaa mkononi mwa mwenyeji, anaandika namba kwenye simu. Kazi hiyo ya dakika tano ndiyo kinga ya dimensia iliyo karibu zaidi na mkazi wa Eastlands.

Kinachokosekana ni mwendelezo. Namba ikiwa mbaya, mgonjwa huandikiwa rufaa. Akifika kliniki akakuta dawa hazipo, hununua za wiki mbili, kisha hodi inapigwa tena miezi mitatu baadaye na namba iko pale pale. Vijiji vya China vilifanikiwa kwa sababu dawa, ufuatiliaji na usimamizi vilikwenda pamoja. Kupima bila kutibu ni kumpa mtu wasiwasi na kumwacha nao.

Masikio yanafuata. Kwenye orodha ya 2024, kupungua kusikia ni miongoni mwa mambo mawili yanayobeba uzito mkubwa kuliko yote. Ubongo usiopokea sauti vizuri hutumia nguvu nyingi kukisia maneno, na mtu asiyesikia huanza kujitenga, akinyamaza kwenye mikutano na kuacha kupokea simu. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2023, lililowapa wazee vifaa vya kusaidia kusikia, halikuonyesha tofauti kwa kundi zima. Lakini kwa wale waliokuwa tayari na hatari kubwa ya kudhoofika akili, kasi ya kudhoofika ilipungua kwa karibu nusu katika miaka mitatu.

Anayetaka kuona chanzo cha tatizo hili aende Kamukunji mchana wa siku ya kazi. Mafundi wa jua kali wamekaa bega kwa bega wakigonga mabati kutengeneza masanduku, majiko na karai, nyundo juu ya chuma, asubuhi hadi jioni. Wachache sana huvaa kinga ya masikio. Ongeza kondakta na dereva wa matatu anayeishi na spika ya muziki nyuma ya kichwa chake kwa miaka 15. Jozi ya vizibo vya masikio ni bei ya chakula cha mchana, na vyama vya jua kali na vya matatu vingeweza kuvigawa bila kungoja wizara yoyote.

Kichwa nacho kina historia hapa. Kumbi za jamii za Eastlands zimelea mabondia kwa vizazi, na ndondi imewatoa vijana wengi mikononi mwa uhalifu. Lakini tangu mwaka 1928, daktari wa Marekani Harrison Martland alipoandika kuhusu mabondia waliopepesuka na kuchanganyikiwa baada ya kupigwa ngumi nyingi za kichwa, inajulikana kwamba athari za majeraha hayo zinaweza kujitokeza baada ya miaka. Leo hatari kubwa zaidi mtaani pengine ni bodaboda. Kofia ngumu inayoning'inia kwenye usukani haimlindi mtu.

Hewa chafu iliingia kwenye orodha mwaka 2020, na mkazi wa Dandora hahitaji kuelezwa. Jaa la taka limekuwa pale tangu miaka ya 1970, moshi wake ukisambaa hadi Korogocho na Kariobangi. Mwaka 2007 uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ulikuta karibu nusu ya watoto waliopimwa karibu na jaa wakiwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Risasi hudhuru ubongo. Hili haliwezi kutupiwa mtu binafsi na kuambiwa abadili mtindo wa maisha. Ni deni la jiji kwa watu wake.

Kutambua ugonjwa ni shida nyingine. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma: andika sentensi, chora saa, toa saba kutoka mia moja. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu hufeli hata kama akili yake ni timamu. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, na wenzao wa hospitali ya KCMC ya Moshi walitatua hilo huko Hai kwa kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee anaulizwa daraja ni nini. Anatajiwa maneno kumi na kuulizwa tena baadaye anakumbuka yapi. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Kisha mpimaji anapanga vijiti vya kiberiti mezani kuunda umbo fulani, na mzee anaombwa apange vyake vifanane. Mikono iliyosuka vikapu na kuchambua mchele maisha yote inajua kazi hii, na ikishindwa, kushindwa huko kuna maana.

Hapa Kenya, wakfu wa utafiti na mafunzo ya afya ya akili ulioanzishwa na Profesa David Ndetei uliwafundisha wahudumu wa afya ya jamii wa Makueni kuwachunguza wazee wa miaka 60 na zaidi na kuwapeleka kwenye vituo vya afya. Kazi ya namna hiyo ilikwenda pamoja na mradi wa STRiDE, ulioendeshwa katika nchi saba, Kenya ikiwemo, kutafuta njia bora za kuwahudumia wenye dimensia na kupunguza unyanyapaa. Kama iliwezekana kwenye vilima vya Makueni, ambako kutoka boma moja hadi jingine ni mwendo, inawezekana Umoja.

Katika Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi, Taasisi ya Ubongo na Akili imejiunga na juhudi iitwayo Africa-FINGERS, ambayo mmoja wa viongozi wake ni mtafiti Chi Udeh-Momoh. Mizizi yake iko Ufini. Huko Miia Kivipelto na wenzake waliwachukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 na kuchanganya lishe bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na udhibiti wa presha na sukari kwa miaka miwili. Mwaka 2015 walionyesha kwamba waliofuata mpango huo walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko waliopewa ushauri wa kawaida. Mpango wa Ufini hauwezi kuhamishwa kama ulivyo. Samaki wa Bahari ya Baltiki hawauzwi Gikomba. Lakini omena wapo, sukuma wiki na kunde zipo, kanisa lina kwaya, na chini ya miti ya Kaloleni wazee hucheza drafti kwa vizibo vya soda mpaka giza liingie.

Michezo na mazungumzo ya namna hiyo yana nafasi hata baada ya ugonjwa kuanza. Huko Hai, wazee 34 wenye dimensia walikutanishwa katika vikundi vidogo kwa vikao 14, mara mbili kwa wiki, wakiongozwa kwenye mazungumzo na shughuli walizozizoea, bila kuandika. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezo wao wa akili uliongezeka na wasiwasi ukapungua. Dawa mpya za sindano zilizoidhinishwa Marekani tangu 2023 hupunguza tu kasi ya ugonjwa wa Alzheimer katika hatua za mwanzo, na mojawapo ilitangazwa kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka. Kwa familia ya Eastlands, kikundi ndani ya ukumbi wa jamii kiko karibu zaidi.

Na mlezi je? Mara nyingi ni binti, au mkaza mwana, aliyeacha kibanda chake ili amwangalie mama mchana, na usiku halali kwa sababu mama anaamka saa tisa akitaka kwenda nyumbani kwa wazazi wake waliofariki zamani. Posho ya Inua Jamii kwa waliofikisha miaka 70 ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na nepi za watu wazima pekee zinaweza kuimaliza. Familia nyingine huamua kumrudisha mzee ushago, wakidhani atatulia. Huko nako kuna hatari yake: mzee anayetangatanga usiku na kuingia boma la watu husingiziwa uchawi upesi. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Mtu asimpeleke mzazi mahali ambapo hakuna anayeelewa ugonjwa wake.

Elizabeth Mutunga, aliyemwuguza baba yake mwenye dimensia, alianzisha shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, linalowakutanisha walezi waelezane mambo ambayo jamaa hawataki kusikia. Utafiti unaunga mkono njia hiyo. Mjini London, walezi waliopewa vikao nane vya kufundishwa namna ya kukabiliana na msongo na tabia ngumu za mgonjwa walikuwa na sonona kidogo kuliko wenzao, na tofauti ilionekana hata baada ya miaka sita. Waliowafundisha walikuwa wahitimu wa saikolojia ambao hawakuwa bado wataalamu wa tiba. Nairobi ina wahitimu wa saikolojia wengi wanaotafuta kazi.

Anayeona dalili kwa mzazi wake leo aanze na kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali kama Mama Lucy Kibaki akipewa rufaa. Aende na mtu anayeishi na mgonjwa, siyo yule anayetembelea mwisho wa mwezi. Abebe dawa zote zinazotumika, pamoja na za duka na za miti shamba, na karatasi iliyoandikwa mambo matatu manne yaliyobadilika na lini yalianza. Kuna hali zinazofanana na dimensia lakini hutibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, maambukizi ya mkojo, au mchanganyiko wa dawa. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku mbili tatu, apelekwe haraka, kwa maana dimensia haiji kwa kasi hiyo. Na aliyempeleka mzee akiambiwa kwamba ni uzee tu, aulize kama damu imepimwa, kama masikio na macho yamekaguliwa, na presha ilisoma ngapi.